Dawa Mbili za Hyosun

Katika jiko la shule ya msingi alikofanya kazi Tak Hyosun, wanawake waliitana kwa majina ya watoto wao. Kulikuwa na Mama Seulbi wa mboga, Mama Jinu wa wali, na Mama Taebin aliyekaanga vitu vyote vya kukaangwa. Hyosun wa supu aliitwa Hyosun. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hawakuwa na jina lingine la kumpa. Lakini kila alipoitwa kutoka upande wa pili wa jiko, katikati ya mvuke na kelele za masufuria, alihisi kama mtu anayesomewa jina darasani.

Tangu usichana mwili wake haukuwa na kalenda. Wenzake walipokuwa wakijikunyata kwa maumivu ya kila mwezi, yeye hedhi yake ilikuja akiwa ameshaisahau, mara mbili kwa mwaka, pengine mara tatu, kisha ikanyamaza. Mama yake mzazi alimwambia ana bahati. Baadaye zikaja nywele ngumu kidevuni, alizozing'oa kwa kibano kila asubuhi kabla ya kuwasha taa ya sebuleni, na kiuno kikanenepa ingawa mezani alikula kidogo kuliko wote. Daktari wa hospitali alimgeuzia kioo cha mashine akamwonyesha ovari zake, na ndani yake vifuko vidogo vidogo vimejipanga kama shanga. Mayai yanaanza kukua, akamwambia, halafu yanakwama njiani. Akampa vidonge. Alipovimeza hedhi ilikuja, alipoviacha ikakata. Vilimletea kichefuchefu na kichwa kizito, na baada ya miaka kadhaa ya kumeza na kuacha akaamua kuacha kabisa. Si kwamba alikata shauri la maana. Siku moja dawa zilikwisha naye hakwenda kuchukua nyingine.

Aliolewa akiwa amepita thelathini, na Bin Gwangsu, dereva wa gari la kuchanganya zege. Kabla ya harusi alimweleza yote, wamekaa ndani ya lile gari nje ya jengo lililokuwa halijaisha.

"Mimi nakuoa wewe, sioi tumbo," Gwangsu akasema.

"Na mama yako?"

"Mama nitamwambia mimi."

Gwangsu alikuwa mtu mwema, mwenye kasoro ya kuahirisha. Hakumwambia. Mwaka ukapita, na wa pili ukakaribia kwisha, na mama yake, mjane aliyeuza pilipili kavu sokoni katika mji wao wa Daegu na kumlea mtoto huyo mmoja kwa pilipili hizohizo, akaanza kumtazama mkwewe tumboni kila alipoingia mlangoni. Mwishowe Hyosun akamwambia mwenyewe. Walikuwa wamechuchumaa kwenye sakafu ya jikoni wakipaka kabichi pilipili kwa ajili ya kimchi, kachumbari yao ya majira ya baridi, glavu zao zimejaa pilipili hadi kwenye viwiko.

Mama mkwe, ambaye sokoni wote walimwita Mama Gwangsu, aliacha kupaka. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni. Kisha akavua glavu zake za mpira.

"Gwangsu anajua?"

"Anajua tangu zamani, mama."

"Mpumbavu yule. Basi nawa mikono, vaa koti. Kabichi itatusubiri."

Akampeleka mtaa wa dawa. Hyosun alizaliwa mji huohuo na alikuwa akiupita mtaa ule kila mara bila kugeuza kichwa: magunia ya mizizi mbele ya maduka, magome ya miti yaliyofungwa kwa kamba, pembe za kulungu ndani ya vioo, na ile harufu ya uchungu na utamu inayokaa kwenye nguo hadi jioni. Kliniki ya Tabibu Eom ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mizizi ya jinseng. Alikuwa mwanamke aliyepita umri wa makamo, nywele fupi zenye mvi, asiye na haraka.

Akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa Hyosun, akafumba macho, akasikiliza. Akahamia mkono wa pili. Akatazama ulimi wake.

"Hedhi inakuja lini?" akauliza.

"Haiji," Mama Gwangsu akajibu. "Na miguu yake ni ya baridi kama samaki. Na anakula usiku."

"Mama, mgonjwa ni nani hapa?"

"Ni huyu."

"Basi tumwache mgonjwa aseme."

Hyosun akasema. Alishangaa jinsi alivyokuwa na mengi. Tabibu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba hospitali wana jina lao na vitabu vya tiba ya asili vina maneno yao, kwamba tumbo la chini limeingiwa na baridi na unyevu umeganda ndani kama ute, lakini mwili ni uleule mmoja, kwa hiyo asiache kwenda hospitali kupima damu.

"Unalala saa ngapi?"

"Nikipata nafasi."

"Hiyo siyo saa."

"Atazaa?" Mama Gwangsu akauliza.

Tabibu Eom akamjibu Hyosun, si mama mkwe. "Nisikudanganye. Naweza kujaribu kuurudishia mwili wako mwezi wake. Wengine wanapata mimba baada ya hapo, wengine hawapati. Mtoto siuzi hapa. Na jambo moja: ukinywa yangu, usinywe ya mtu mwingine bila kuniambia. Hata ya mafua. Hata mizizi uliyopewa na jirani kwa upendo."

Dawa ilichemshwa palepale kliniki, ikafungwa kwenye vifuko vya plastiki vya kutosha dozi moja moja, ikaletwa nyumbani ndani ya boksi. Ilikuwa nyeusi. Mwanzo ilikuwa chungu, kisha kwa mbali ukapata mdalasini na tangawizi, kisha ladha ya udongo ikabaki kooni. Hyosun aliipasha moto asubuhi kabla ya kutoka, mchana akiwa kazini, na usiku. Pamoja na dawa zikaja sheria. Asile vya unga wa ngano, asinywe baridi, asiguse pombe, atembee kila jioni. Mara kwa mara aende kuchomwa sindano nyembamba zisizo na dawa, tumboni na kwenye miguu, na kuwekewa majani ya pakanga yanayoungua taratibu juu ya kitovu, moshi wake ukimwingia machoni.

Kutembea ndiko kulikomchosha zaidi. Mtu ameshinda amesimama na mabuti ya mpira, anakoroga supu ya mamia ya watoto kwa mwiko mrefu kama kasia, mikono yote miwili, anainua, anamimina, anasugua masufuria yenye ukubwa wa beseni la kuogea, halafu jioni anaambiwa akatembee kwa ajili ya afya. Alitembea. Gwangsu akiwepo alifuatana naye kando ya mto, na kwa kuwa hakujua la kusema alimweleza habari za zege, namna inavyoganda ukichelewa kwenye foleni. Hyosun alimsikiliza bila kusikia. Alihesabu mti uliofuata, na uliofuata.

Kazini ilipofika saa ya chai, wenzake walichemsha tambi na yeye akamenya kiazi kitamu alichokuja nacho, akakata kifuko chake kwa mkasi.

"Hyosun," Mama Seulbi aliita, "hicho kinachonuka ni supu ya kesho au ni wewe?"

"Ni mimi."

"Afadhali. Nilidhani tumeunguza."

Wakacheka, naye akacheka kidogo. Mama Seulbi alikuwa na mdomo mchafu na moyo safi. Ndiye aliyekuwa akimbadilishia zamu siku za sindano na kuwaambia wakubwa kwamba Hyosun ana jino linalomsumbua.

Miti ya cheri ilipokuwa imeshapukutisha maua, hedhi yake ikaja. Ilimkuta akikata figili. Akaenda chooni na mabuti yake na aproni yake ya plastiki, akakaa huko muda mrefu. Alikuwa amedhani siku hiyo atafurahi. Alichohisi ni kile anachohisi mtu aliyepanda ngazi ghorofa nyingi akakuta mlangoni pameandikwa kwamba ofisi imehamia jengo jirani. Baada ya kujifuta uso akampigia simu mama mkwe, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu kabla ya chakula cha mchana wauza kitunguu saumu wote wa sokoni walikuwa na habari hiyo, na muuza dagaa mmoja akamtumia salamu za pongezi.

Mwezi uliofuata ikaja tena. Na uliofuata. Halafu ikaruka, ikaja imechelewa, ikaruka. Tabibu Eom alisema mwili unajifunza, usisukumwe. Mama Gwangsu hakuwa mtu wa kungoja kitu kijifunze. Akaja siku moja na mfuko wa karatasi chini ya kwapa, akauweka mezani. Ndani mlikuwa na mizizi myembamba, kahawia, yenye udongo bado.

"Kuna mzee anakuja kona ya soko na gunia lake," akasema. "Anaichimba mwenyewe milimani. Mkwe wa yule wa dagaa alikunywa hii. Sasa ana mapacha."

"Mama, tabibu alisema nisichanganye."

"Tabibu ana haraka gani? Ana wajukuu watano."

"Basi tumuulize kwanza."

"Ukimuuliza atakataa. Umeona wapi mtu akisifia duka la mwenzake? Na usimwambie. Mimi ndiye nitakayechemsha, wewe kazi yako kunywa."

Hyosun aliitazama mizizi ile. Alikuwa na maneno. Angeweza kusema hapana, kisha aeleze kwa nini hapana, kisha asikilize habari za mapacha upya, kisha Gwangsu arudi akute mama yake amenuna na yeye amenuna, aulize kuna nini. Kunywa ilikuwa kazi nyepesi kuliko kubishana. Akanywa.

Walipokwenda kliniki mara iliyofuata, Tabibu Eom akashika kifundo cha mkono wake, na safari hii akakaa nacho muda mrefu zaidi.

"Kuna kitu kingine unakunywa?"

Mama Gwangsu alikuwa akitazama dari.

"Hapana," Hyosun akasema.

"Damu ulipima?"

"Bado. Sijapata nafasi."

"Nenda wiki hii."

Hakwenda. Shule ilikuwa inafunga, jiko lote lilipaswa kusafishwa hadi ndani ya mabomba.

Joto likaingia, na joto la Daegu halina huruma. Watu wote walikuwa wamechoka, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu kwamba Hyosun alichoka zaidi. Chakula kilimkinai. Ngozi ikamwasha usiku bila upele. Mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya shayiri iliyokolea, akajiambia ni jasho, hanywi maji ya kutosha. Siku ya kwanza shule ilipofunguliwa alikuwa amesimama karibu na dirisha akikung'uta mwani wa supu, Mama Seulbi akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Hebu fungua macho. Yote."

"Nini?"

"Vua aproni."

"Supu haijachemka."

"Supu ataichemsha Mama Jinu. Macho yako yamekuwa ya njano kama figili za kachumbari zilizotiwa manjano. Vua nakwambia, twende."

Ini lilikuwa limevimba. Hospitali wakamlaza palepale, wakamtundikia dripu. Daktari kijana, mwenye usingizi usoni kama Hyosun mwenyewe, akamuuliza amekuwa akitumia nini. Gwangsu alikuwa amekuja mbio kutoka kazini, saruji imemkaukia kwenye nyusi, na mama yake alikuwa nyuma yake. Hyosun akafungua mdomo, akamwona mama mkwe ameushika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili.

"Dawa ya kliniki," akasema. "Ya mitishamba."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Daktari akapumua kwa nguvu. Akasema atahitaji vile vifuko, na kwamba huenda akawapigia simu hao waliompa. Gwangsu akasema atamfunga jela yule tabibu. Alisema kwa sauti ya chini, na kwa mtu aliyekuwa akiahirisha kila kitu ilitisha.

Hyosun akageukia ukutani akalala. Alilala kama hajawahi kulala miaka mingi, na hata alipoamka alibaki amefumba macho ili wasimuulize tena. Aliona aibu kwa ajili ya Tabibu Eom, lakini aibu ile ilikuwa mbali, kama kitu kilichoachwa kwenye chumba kingine ambacho mtu hana nguvu za kwenda kukichukua.

Kesho yake mchana mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia Mama Gwangsu. Alikuwa ameubeba mfuko wa karatasi ndani ya mfuko mkubwa wa pilipili. Nyuma yake alikuwa Tabibu Eom, koti la kliniki mkononi, jasho shingoni.

"Nimeshampa daktari hii mizizi," Mama Gwangsu akasema, bila kumtazama mtu, ingawa mfuko ulikuwa bado mkononi mwake na nusu ya mizizi ndani. "Nimempa ya kutosha. Nimemwambia ni mimi niliyeichemsha. Na huyu nimekwenda kumwambia mwenyewe kliniki, mbele ya wagonjwa wake."

Tabibu Eom akavuta kiti.

"Nilikuuliza," akamwambia Hyosun.

"Ndiyo."

"Ukasema hapana. Ulimwogopa nani?"

"Sikumwogopa mtu," Hyosun akasema. "Nilichoka."

Tabibu akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema naye ana lake: alihisi mapigo yamebadilika, na badala ya kumwambia nenda kapime wiki hii angemzuilia dawa mpaka alete majibu. Akainuka kwenda kuzungumza na daktari kijana, na kumpelekea majina ya kila kilichokuwa ndani ya vile vifuko.

Wakabaki wawili. Mama Gwangsu akatoa pichi mkobani akaanza kulimenya, ganda likikatika vipande vipande.

"Nilitaka mtoto," akasema.

"Najua, mama."

"Si wangu mimi. Mimi nimeshalea. Wako. Nani atakuangalia ukizeeka? Huyu kijana wangu hana hata akili ya kuvaa soksi zinazofanana."

Hyosun karibu acheke, na ubavu ukamuuma.

"Mama, mimi nataka kupumzika. Miaka yote hii nimekunywa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Amka, kunywa. Tembea, kunywa. Mimi ambaye nipo, nyumbani sijawahi kuulizwa kama nimelala."

Mama mkwe akaacha kumenya. Akamtazama mkwewe vizuri, usoni, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Umelala?" akauliza.

"Jana nililala."

"Basi lala na leo."

Akala lile pichi mwenyewe, taratibu, kwa kuwa mgonjwa hakulitaka.

Ini lilipona, ila kwa mwendo wake. Vuli yote Hyosun alikuwa nyumbani, na daktari alimkataza dawa yoyote ya kuchemsha. Mama Gwangsu alimfuata yule mzee wa gunia akamtolea maneno ambayo soko zima lilisimama kuyasikiliza. Mzee akahama kona, akaenda kukaa kona nyingine. Sikukuu ya mavuno ilipofika, ndugu wakajaa nyumbani kwa ajili ya kuwatolea marehemu chakula, na shangazi mmoja wa Gwangsu akasukuma boksi katikati ya meza. Ilikuwa rojo ya mbuzi mweusi, akaeleza, inapasha joto tumbo la mwanamke, mwaka hauishi utaona matokeo.

"Rudi nayo," Mama Gwangsu akasema.

"Dada, hii ni ya bei kubwa."

"Nyumba hii hatunywi kitu. Mbuzi wako mle wenyewe. Mpe mumeo, tumbo lake nalo limepoa."

Shangazi akanuna mpaka jioni. Hyosun alikuwa jikoni akipanga sahani, akasikia yote, akaegemea kabati kidogo. Hakuwa na furaha hasa. Ila mabega yake yalishuka.

Baada ya hospitali kumruhusu, alirudi kwa Tabibu Eom kwa hiari yake, peke yake. Tabibu alikataa kumpa dawa. Alimpa sindano na pakanga tu, na miezi mingi baadaye, ini likiwa limepimwa na kupimwa tena, akampa dawa nyepesi kwa muda mfupi, daktari wa hospitali akijua. Hospitali nao wakampa kidonge kingine, tofauti na vile vya zamani, akakivumilia. Sasa hedhi huja miezi mingine na miezi mingine haiji. Nywele za kidevu zipo. Mtoto hakupatikana. Yeye na Gwangsu walilizungumza jambo hilo jioni moja kando ya mto, kwa maneno machache, na Gwangsu akalia, jambo ambalo Hyosun hakulitegemea. Akamshika mkono mpaka walipofika kwenye daraja. Mama Gwangsu magoti yamekwisha, siku hizi ni Hyosun anayempeleka kuchomwa sindano, nao hugombana njiani kuhusu mahali pa kuegesha gari.

Majuzi pale jikoni aliajiriwa mfanyakazi mpya, Gi Narae, ndoa yake haijatimiza mwaka. Siku za kwanza hakusema na mtu. Kisha akamkuta Hyosun ameinama ndani ya sufuria kubwa analisugua, akasimama pembeni na brashi mkononi.

"Dada, samahani. Mama Seulbi amesema nikuulize wewe. Na mimi haiji. Hiyo dawa nyeusi, ilikusaidia?"

Hyosun akainuka, akanyoosha mgongo.

"Ilisaidia kidogo. Nyingine ikaniumiza. Anza hospitali, upimwe damu. Ukienda kwa tabibu, mwambie kila kitu unachokunywa, hata kama mama mkwe amekaa hapohapo."

"Lakini ungerudia? Kama ungekuwa mimi?"

Hyosun alitaka kumpa jibu zuri, kwa kuwa msichana alikuwa amejikaza sana kuuliza. Akalitafuta. Mvuke ulikuwa ukimpanda usoni, na bado masufuria mawili yalikuwa hayajaguswa.

"Niulize siku ambayo sijachoka," akasema, akamsogezea upande mmoja wa sufuria wakalisugua pamoja.